Vichwa Vinne vya Bolti

Injini ile ilifika kwetu Kyebando, Kampala, ikiwa imelazwa juu ya magunia ya vitunguu, nyuma ya pikapu, imefunikwa shuka la kitanda lenye maua. Mwenyewe alikuwa amekaa huko huko nyuma pamoja nayo, mkono mmoja juu ya shuka, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Mbele karibu na dereva palikuwa na nafasi. Dereva alituambia amembembeleza kutoka soko la Kikuubo mpaka kwetu na amekataa.

Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kupita juu ya kelele za watu wengi. Kabla hajastaafu alikuwa mpishi wa jeshi. Kwao ni kaskazini, lakini ameishi chini ya kilima cha Mbuya tangu mimi sijazaliwa. Watu wote walimwita Afande, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Karakana ni ya baba yangu mdogo. Tunatengeneza injini za boti, ingawa ukipanda juu ya paa letu huoni hata tone la ziwa. Wateja wakimuuliza kwa nini amekaa mbali na maji, baba mdogo huwajibu kwamba daktari wa meno hakai mdomoni mwa mtu. Ukweli ni kwamba kiwanja alirithi, na hakuna aliyemrithisha kiwanja ufukweni.

"Hajji," Afande alimwambia, huku akishuka, "nani hapa anajua injini ya bahari? Si ya ziwa. Ya bahari. Hii imetoka Mombasa."

Baba mdogo hajawahi kwenda Makka. Watu walianza kumwita Hajji kwa sababu ya kofia yake na tumbo lake, naye hakukanusha. Alininyooshea kidevu. "Huyu hapa. Huyu alikaa Mombasa."

Nilikaa Mombasa siku kumi na tisa, kwa shangazi, nilipokuwa na miaka kumi na tano. Bahari niliiona mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kupitia dirisha la basi wakati wa kurudi. Injini ya boti sikuigusa hata moja. Hapo ndipo nilipaswa kusema hivyo. Lakini mimi ni mtu wa haya, na haya zangu zina ubaya mmoja: kichwa huitikia kabla mdomo haujapata ruhusa. Afande aliniangalia, nikatikisa kichwa kukubali. Kutokanusha ni ugonjwa wa ukoo wetu.

"Sikiliza, kijana," aliniambia. "Mimi nimepikia watu miaka yote, hapana mtu aliniuliza kama mimi nimekula. Kiinua mgongo changu chote ni hii. Boti yangu iko Ggaba, kwa ziwa, imepakwa rangi. Jumamosi nabeba watu wangu wa kwanza kwenda visiwani. Hii ikikufa, mimi narudi kwa sufuria. Umesikia?"

Nikatikisa kichwa tena.

Tuliifunga injini kwenye pipa la maji, tukaiwasha. Iliwaka vizuri, kwa sauti nzito ya kupendeza. Tatizo lilikuwa maji. Injini ya boti huvuta maji kutoka chini ili ijipoze, kisha huyatoa nyuma kwa mchirizi mwembamba ambao mafundi wa Kampala wote huuita mkojo. Ukiona mkojo una nguvu, injini ni nzima. Huu ulikuwa ukidondoka, unakatika, unaanza upya.

"Inakojoa kama mzee," baba mdogo alisema.

Maana yake ilikuwa wazi: ndani kuna pampu yenye feni ndogo ya mpira, na mpira umechoka. Kuifikia feni hiyo lazima uondoe mguu wa injini, ile sehemu ya chini inayobeba propela. Mguu unashikwa na bolti sita. Kwenye injini zetu za ziwani kazi hiyo huanza baada ya chai na kwisha kabla ya adhuhuri. Ziwa huleta matope na majani, na matope huoshwa.

Hii ilikuwa na unga mweupe. Ulikuwa umejaa kuzunguka kila bolti, mgumu kama ukoko wa birika. Baba mdogo alikwangua kidogo kwa ukucha, akaonja.

"Chumvi hasa," alisema.

Nami nikaonja, ili nionekane mtu wa Mombasa. Nikasema ndiyo, ni chumvi. Baadaye fundi wa kuchomelea alitueleza kwamba ule unga ni alumini yenyewe iliyoliwa na chumvi, yaani kutu yake, na kwamba si kitu cha kuweka mdomoni. Ladha yake ninaikumbuka. Haikuwa na chumvi hata kidogo.

Baba mdogo aliondoka kwenda Kikuubo kutafuta feni mpya. Afande akarudi Mbuya. Mimi niliachiwa maneno matatu: "Fungua mguu, Mombasa."

Basi nilifungua kama tunavyofungua za ziwani. Nilivisha spana kwenye bolti ya kwanza, nikachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili nguvu iongezeke, nikavuta. Bolti ikazunguka. Ilizunguka laini, bila kelele, mpaka nikacheka peke yangu na kusema kumbe bahari inasingiziwa. Kisha kichwa cha bolti kikaanguka kwenye kiganja changu. Mwili wake ulibaki ndani ya chuma, kimya, haukuwa na habari na mimi.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilifikiri kwamba ile moja ilikuwa mbovu tangu kiwandani, nikahamia ya pili. Ya pili ilikatika pia, kwa kuchelewa kidogo. Nikaona kwamba zote mbili zilikuwa upande wa kushoto, nikaamua kwamba ubaya uko kushoto. Nikaenda kulia. Ya tatu ikakatika kulia. Kuhusu ya nne sina maelezo. Nimejaribu kuyatafuta mpaka leo na ninaamini mikono ilikuwa imezoea tu.

Zikabaki mbili. Nilikaa chini na vichwa vinne mkononi, vidogo, vinang'aa pale vilipokatikia. Nilikumbuka lile shuka la maua.

Kilichofuata ninakiandika kwa sababu nimeamua kukiandika. Kwenye rafu tulikuwa na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Nilichanganya. Nikapaka. Nikarudisha kila kichwa mahali pake, nikakishikilia kwa kidole mpaka kikashika. Vichwa vile vilikuwa na herufi juu yake, na nilihakikisha herufi zote zimesimama wima, zimeelekea upande mmoja. Nikapaka unga mweupe kuzunguka, ule ule niliouonja. Kwa kweli ilikuwa kazi safi kuliko kazi yoyote niliyofanya mwezi ule. Sikukusudia kudanganya milele. Nilitaka tu kupata muda wa kutafuta maneno, kisha nimwambie baba mdogo tukiwa wawili.

Alirudi na feni mpya mfukoni. "Umefika wapi?"

"Nimezitia mafuta," nilisema. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimezitia mafuta baada ya gundi kukauka.

"Vizuri. Za bahari zinataka kulowekwa. Unaona faida ya mtu aliyetembea?"

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, Afande alikuja na chupa ya chai, akajikalia juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, kuangalia. Baba mdogo anapenda kuangaliwa. Alikunja mikono ya ovaroli, akachukua spana, akasema bismillahi, akaivisha kwenye bolti ya kwanza kushoto. Hata hakuvuta. Aliigusa tu, na kichwa kikamdondokea.

Nilimwona akikiangalia. Kisha alimtupia jicho Afande, ambaye wakati huo alikuwa ameinama anamimina chai. Baba mdogo akakohoa, akatia kichwa cha bolti mfukoni, akafuta mkono kwenye paja. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kopo la mafuta. Nilielewa mara moja kwamba anaamini ameikata yeye.

"Afande," alisema, sauti yake imepanda kidogo, "nimeiangalia vizuri. Huu mguu hauna haja ya kufunguliwa."

"Hauna haja?"

"Maji yanatosha."

"Hajji, jana ulisema inakojoa kama mzee. Leo imekuwa kijana?"

"Ilikuwa na uchovu wa safari."

Afande alicheka, akampa kikombe cha chai. Alitaka kuamini. Mtu akishaambiwa mgonjwa wake haumwi, haulizi sana. "Basi Ijumaa nakuja kuchukua," alisema. "Jumamosi niko kwa maji."

Ninataka kumtendea haki baba mdogo. Yeye alidhani bolti moja imekatika na tano zimebaki. Mguu wa injini unaoshikwa na tano hauendi popote. Na ile pampu, ingawa ilikuwa dhaifu, pengine ingevumilia mwezi au miwili, naye angejipa moyo wa kumwita Afande airudishe. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya pale, akiwa na kichwa mfukoni. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba zimebaki mbili. Mguu ulikuwa umeshikiliwa na bolti mbili na ule unga mweupe, na Jumamosi ungetikiswa na mawimbi, pamoja na watu.

Siku ile ya Jumatano nilijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza wakati wa chai. Nilifungua mdomo, nikaomba sukari. Mara ya pili tukitoka msikitini. Nilisema, "Baba mdogo," akasema, "Naam," nikamwambia kandambili zake amezivaa kinyume. Zilikuwa sawa. Mara ya tatu haikufika popote kwa sababu yeye mwenyewe, kwa ile siri yake, alikuwa amegeuka mpole kupita kawaida. Alininunulia chapati ya kuviringishia mayai mawili bila kuombwa. Kumwambia mtu jambo zito huku unatafuna mayai yake ni kitu ambacho sijajifunza.

Alhamisi sikujaribu. Alhamisi nilifagia karakana mara nne.

Ijumaa asubuhi nikakumbuka chaki.

Karakana yetu ina desturi. Ubaya wa injini hausemwi kwa mdomo mbele ya mwenyewe, kwa sababu wateja hushtuka na wengine hulia. Unaandikwa kwa chaki juu ya kifuniko cha injini, maneno machache, na fundi mwingine akipita anasoma na kuendelea. Anayeandika sana ni baba mdogo. Mimi niliishia darasa la saba, na herufi zangu bado ni zile za darasa la tatu, kubwa, zenye tumbo, kila moja inangoja mwenzake amalize kupita. Lakini chaki haina haja ya sauti. Niliondoa lile shuka la maua, nikalikunja, nikaanza.

Nilikuwa nimepanga kuandika: BOLTI NNE ZIMEKATIKA. NIMEZIBANDIKA GUNDI. NI MIMI. Baba mdogo alikuwa nyuma ya nyumba akitawadha. Nilihesabu kwamba nitamaliza, nitaondoka kwenda dukani, yeye atarudi na kusoma, na nitakaporudi hasira zake zitakuwa nusu.

Nilikuwa nimemaliza BOLTI na nimeanza N, niliposikia pumzi nyuma yangu.

"Bo-lti," Afande alisoma.

Alikuwa amekuja mapema. Pikapu ilikuwa imesimama barabarani. Ningeweza kugeuka. Lakini kugeuka kungetaka niseme neno, na neno ndilo sikuwa nalo, basi niliendelea kuandika. Yeye naye hakuniuliza. Alisimama tu akisoma kwa sauti kila herufi ilipokamilika, kama mwalimu anayemsimamia mtoto ubaoni, na mimi kwa hofu nikaandika polepole zaidi.

"Nne... Zi... me... ka... ti... ka." Akasogea karibu zaidi. Chaki ilikatika, nikaokota kipande kirefu. "Ni... me... zi..." Ilichukua muda. Dereva wa pikapu naye akaja kusimama. Nilipofika kwenye NI MIMI baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimdondoka ndevuni.

"Ni wewe," Afande alisema. "Ni wewe nini? Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama, akashika kichwa cha bolti kwa vidole viwili, akakizungusha kidogo, kikatoka. Akashika cha pili, kikatoka. Cha tatu alikitoa kwa ukucha. Kisha akatafuta cha nne, akakuta shimo.

"Na hiki kiko wapi?"

Baba mdogo alitia mkono mfukoni, akakitoa, akamwekea kiganjani pamoja na vile vingine.

"Nilidhani ni mimi," alisema.

Mimi na yeye tuliangaliana. Sijui nani alikuwa na aibu zaidi. Nadhani yeye, kwa sababu ya kofia.

Afande aliviangalia vile vichwa vinne, akavifunga ndani ya ngumi. "Hapa kwenu kuna mtu mwenye mdomo?" alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi nichukue watu kwa maji. Mama na mtoto mgongoni. Mguu uanguke katikati, sisi tukae pale tunapepewa na upepo, kwa sababu watu wawili Kyebando wanaona haya? Wewe Hajji, unaona haya ya nini na tumbo lote hilo?"

"Afande, tusamehe," baba mdogo alisema.

"Hapana omba msamaha. Fungua."

Alitoa simu, akampigia mtu wa Ggaba, akamwambia safari ni Jumatatu, si kesho. Mtu wa Ggaba alilalamika. Watu walikwisha kuweka nafasi zao. "Jumatatu," Afande alisema tena. "Ikipita hapo hawatanirudia, najua." Akamrudisha dereva. Kisha akajikalia pale pale juu ya mtungi, akasema hatatoka mpaka auone ule mguu chini.

Baba mdogo alileta nyundo kubwa.

"Unafanya nini na hiyo?"

"Zilizobaki mbili, tunazishtua kwanza."

"Hajji. Sufuria mbili za jeshi, zile kubwa, moja ikiingia ndani ya nyingine na kukamatana, wewe unapiga?"

Baba mdogo alisema hajui, hajawahi kupika.

"Ukipiga unaharibu zote. Ya nje unatia moto. Ya ndani unatia maji ya baridi. Unangoja. Ya nje inapanuka, ya ndani inajikunja, zinaachana zenyewe. Hapa cha nje ni nini?"

"Alumini," nilisema. Lilikuwa neno langu la kwanza siku ile.

"Na cha ndani?"

"Chuma cha bolti."

"Basi mnangoja nini?"

Naona haya kuandika kwamba baba mdogo ana miaka ishirini katika kazi hii, na mimi minne, na aliyetufundisha ni mpishi. Tuliwasha tochi ya gesi, tukauzungusha moto kwenye ile alumini inayoizunguka bolti, bila kuigusa bolti yenyewe, mpaka tone la maji likirushwa pale linachemka. Kisha nikaigandamiza bolti kwa kitambaa chenye barafu kutoka kwa muuza soda. Baba mdogo akakumbuka jambo alilowahi kuliona zamani: alichukua kipande cha mshumaa, akakigusisha pembeni mwa bolti iliyo moto, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani kama maji kwenye mchanga.

Nikavisha spana. Bomba refu Afande alikuwa amelikalia.

"Polepole," alisema. "Mbele kidogo."

Mbele maana yake kukaza. Nilidhani amekosea, lakini baba mdogo aliitikia kwa kichwa: ukikaza kidogo unavunja ule unga.

"Mbele! Simama. Nyuma! Simama. Pumzika."

Ndivyo nilivyofungua bolti ya tano, kwa amri za gwaride. Mbele, simama, nyuma, simama. Tulirudia moto mara tano au sita. Majirani walikuja kusimama uzioni, fundi cherehani wa jirani alianza kuitikia "Simama!" pamoja naye. Kisha nikahisi kitu mkononi, kidogo sana, kama jino linaloanza kulegea. Bolti ikalia, ikasogea, ikatoka nzima, imevaa unga mweupe mpaka mwisho. Nilitaka kuruka. Badala yake niliiweka chini taratibu na kusema, "Imetoka," jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona.

Ya sita ilichukua muda wote kuanzia baada ya swala ya Ijumaa mpaka alasiri.

Mguu wenyewe uliendelea kung'ang'ania kwenye vile vipande vinne vilivyobaki ndani. Tulipasha moto kila kimoja, tukachomeka kabari za mbao pande zote mbili, tukazigonga kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, unywele kwa unywele. Ulipoachia uliachia ghafla, ukanidondokea mapajani nikiwa nimekaa chini. Nilipiga kelele. Hakuna aliyenijali. Walikuwa wanaangalia pampu.

Baba mdogo aliifungua palepale. Feni ya mpira ilitakiwa kuwa na mabawa sita. Lilikuwa limebaki moja na nusu, na mengine yalikuwa makombo yaliyoziba njia ya maji. Afande aliyachukua yale makombo, akayafinya kwa vidole.

"Hii ingefika wapi?" aliuliza.

Baba mdogo alifikiri. "Ingetoka Ggaba," alisema.

 Afande alikwenda kukaa tena kwenye mtungi wake, na kwa mara ya kwanza akanipa mimi chai.

Jumamosi ilikuwa siku ya vile vipande vinne. Sasa vilikuwa vimechomoza chini ya mwili wa injini kama meno ya mzee. Fundi wa kuchomelea, anayetengeneza madirisha upande wa pili wa barabara, alivalisha nati kwenye kila kimoja na kuichomelea. Huyo ndiye aliyetueleza habari za ule unga, akatuuliza nani alionja, na sote wawili tukaangalia kwingine. Nati zilipopoa kidogo tukaanza upya: moto nje, barafu ndani, mshumaa, mbele, simama, nyuma, simama. Tatu zilitoka. Ya nne, ile ambayo mpaka leo sina maelezo yake, ilikatikia ndani kabisa, ikalingana na alumini. Tulilazimika kuitoboa katikati kwa drili, kwanza kwa ncha nyembamba, kisha nene. Baba mdogo alinipa mimi drili. Nilisema naogopa itakwenda upande. Nilisema kweli kwa sauti, na wote wakashangaa, hata mimi. "Basi nenda polepole," alisema. "Si ndiyo kazi unayoijua?" Nilikwenda polepole mpaka fundi wa kuchomelea akasinzia. Ilienda upande kidogo hata hivyo. Tukapanua shimo, tukakata ndani yake nyuzi mpya za kushika bolti, tukaweka bolti nene kidogo kuliko wenzake. Zote sita zilipakwa grisi mpaka zikateleza mikononi.

Tulipoiwasha kwenye pipa, mkojo ulitoka kwa nguvu, ukavuka ukingo, ukamlowesha fundi cherehani uzioni. Afande alisimama, akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akatugeukia.

"Jumatatu mnakuja Ggaba. Nyote wawili. Mnapanda."

"Afande, nina wateja," baba mdogo alisema.

"Watangoja. Mtakaa nyuma, karibu na mguu wenu."

Mimi niliitikia kwa kichwa, kama kawaida.

Jumatatu boti ilikuwa na watu kumi na wawili, godoro moja, na majogoo wawili waliofungwa miguu pamoja. Watu wote walikaa wakiangalia mbele, kwenye visiwa. Mimi na baba mdogo tulikaa tukiangalia nyuma, kwenye mchirizi wa maji. Mzee mmoja alimuuliza Afande sisi ni akina nani.

"Hawa ni bima," Afande alisema, akaongeza moto.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo Ggaba imekuwa mstari tu, na visiwa navyo ni mstari, nilipoanza kufikiri juu ya ile bolti nene. Nilikumbuka kukaza zile tano mara ya mwisho. Hiyo ya sita sikukumbuka. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ukiwa pale na spana, sikuuona. Nilimwangalia baba mdogo. Alikuwa amefumba macho na midomo inatembea. Niliwaangalia wale watu. Mama wa godoro alikuwa na mtoto mgongoni, amelala.

"Afande," nilisema.

Hakusikia. Injini ilikuwa inanguruma.

"Afande! Simamisha!"

Watu wote kumi na wawili waligeuka. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Afande alizima, na boti ikabaki inayumba mahali pamoja, kimya tupu, majogoo tu ndio walioendelea.

"Nini?"

"Bolti ya sita. Sikumbuki kama niliikaza."

"Banange, jamani," mtu mmoja alisema. "Fundi anakumbuka hapa?"

"Asubuhi ulikuwa wapi, ssebo?" alisema mwingine. Mzee aliyeuliza habari zetu alisema hii ni bima gani.

 Afande aliinua injini ikalala, akanipa spana. Nilijilaza tumboni kwenye ukingo, baba mdogo akanishika miguu huku bado amefumba macho, na uso wangu ukawa shibiri moja kutoka majini. Nilivisha spana kwenye bolti nene, nikavuta. Haikusogea. Nikavuta tena. Ilikuwa imekazwa vizuri kabisa, na aliyeikaza alikuwa mimi.

"Ipo sawa," nilisema, kichwa chini.

Watu walinizomea kwa lugha tatu.

"Na ile ya tano?" Afande aliuliza.

"Ya tano nakumbuka."

"Kaza pia. Kaza zote. Hapana haraka."

Nikazikaza zote sita, moja baada ya nyingine, maji yakinirukia mdomoni, na hakuna hata moja iliyosogea. Nilipoinuka mama wa godoro alinipa ukingo wa kanga yake nifute uso. Afande aliishusha injini, akavuta kamba mara moja, ikakataa. Akavuta mara ya pili, ikawaka, na mkojo ukatoka mrefu. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kisiwa, akiwaambia watu wake wasimame vizuri wakati wa kushuka, godoro kwanza.